Kumlainisha farasi aliyestaafu mbio, hatua kwa hatua

Swali ni lile lile, sauti tu ndiyo hubadilika. "Farasi wangu ana mdomo mgumu, nimnunulie lijamu gani?" "Nikivuta ndiyo kwanza anaongeza mwendo, ana wazimu?" "Nampiga visigino mpaka nachoka mimi, yeye hasikii." Nimelijibu zizini, nimelijibu kwa simu usiku, na juzi nililijibu nikiwa nimebanwa dirishani kwenye matatu. Basi naliandika mara moja, lipate kukaa mahali.

Farasi ninaowazungumzia ni hawa wetu wa Nairobi: waliokimbia pale Ngong Racecourse, mbio zikawaishia wakiwa bado vijana, wakahamia kwa watu wa Karen, Lang'ata au huko Nanyuki ili wapandwe kwa starehe. Hatua zenyewe zinamfaa hata farasi ambaye hajawahi kuuona uwanja wa mbio.

Kumlainisha ni kumfundisha aitikie mkono na mguu mwepesi, bila kuvutana. Nadharia ni mbili tu. Ya kwanza: farasi wa mbio hakufundishwa kwamba kuvutwa ni kusimama. Joki hufupisha hatamu, akazikandamiza shingoni, farasi naye akaliegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, na kunyoosha mbio. Kwake, mkazo mdomoni ni habari ya kwenda. Wewe unavuta ukitaka asimame, yeye anaondoka. Hana wazimu, anakutii kwa lugha aliyofunzwa.

Ya pili: farasi hajifunzi unapokaza, hujifunza unapoachia. Alichokuwa akikifanya wakati ule ule mkono ulipolegea ndicho anachoamini ulikitaka. Ukichelewa, umemfundisha kitu kingine.

Kabla ya kuanza

Mpe likizo kwanza. Farasi aliyetoka mbioni wiki iliyopita bado ana nafaka kichwani. Miezi miwili au mitatu ya kukaa nje malishoni na wenzake, majani ya boma rhodes ya kutosha, nafaka ipunguzwe sana, lusani kidogo tu. Nimeona watu wakihangaika na "farasi mkali" ambaye dawa yake ilikuwa kupunguza ndoo moja ya chakula.

Halafu kagua mwili, kwa sababu maumivu hayafundishiki:

- Meno. Mwite daktari wa mifugo anayejua farasi, walau mara moja kwa mwaka. Mwambie aangalie kingo kali za magego na vile vijino vidogo vinavyoota mbele ya magego, kwani lijamu likivigusa, farasi hurusha kichwa.
- Mgongo. Pitisha vidole kwa nguvu kiasi pande zote mbili za uti wa mgongo, upana wa kiganja kutoka katikati, toka mabegani hadi kiunoni. Akizama, akikunja uso au akipiga mkia, usimpande.
- Tandiko. Farasi huyu atabadilika umbo miezi ya mwanzo: misuli ya mbio inapungua, mingine inaota. Tandiko lililomkaa Januari linaweza kumbana Aprili. Likague tena na tena.
- Kwato. Muulize fundi wa viatu anaonaje hatua zake. Farasi anayeumwa mguu wa nyuma wa kulia atakataa kugeuka, na wewe utasema ni mkaidi.

Vifaa ni vichache: lijamu la kawaida lenye kiungo katikati na pete mbili, nene kiasi, lisilo na mikono ya chuma wala mnyororo, mkanda wa puani unaoingiza vidole viwili bila kusukuma, kamba ya kichwani pamoja na kamba ya kuongozea ya mita 3.5 hadi 4. Fimbo nyembamba ya kama mita 1.2, glavu, kofia ngumu na buti zenye kisigino. Uwanja wa mita 20 kwa 40 unatosha, hata kama ni kipande cha shamba ulichokizungushia mapipa. Tafuta na mtu wa pili wa kukaa karibu siku za mwanzo. Muda ni dakika 20 hadi 30, mara nne au tano kwa wiki. Saa mbili za Jumapili peke yake hazifai kitu.

Hatua ya 1: Fundisha mkono wako kwanza

Usinikasirikie. Mzee aliyenifundisha kazi hakuniruhusu kumshika farasi mdomoni mpaka nipite mtihani wake. Alitoa hatamu kwenye pete za lijamu, akaziunganisha kwa uzi wa pamba, ule wa kushonea vifungo, uzi mmoja kila upande. Farasi alivaa kamba ya kichwani chini ya hayo, na mzee mwenyewe aliishika. Kisha akasema, "Kijana, mgeuze kulia, mgeuze kushoto, msimamishe. Uzi ukikatika, leo unazoa mavi ya zizi zima." Nilizoa mavi siku tisa.

Fanya hivyo hivyo, kwa mwendo wa matembezi tu na msaidizi ameshika kamba. Utagundua kwamba ulikuwa ukivuta kwa bega wakati kidole kimoja kilitosha. Kama huna msaidizi wa kumshika farasi, pitisha hatamu kwenye kiti, mtu akae mbele yako afumbe macho, azishike zile ncha, akuambie kila anapohisi mkono wako umecheza. Atakuambia mara nyingi kuliko unavyodhani.

Hatua ya 2: Kichwa chini, ukiwa ardhini

Simama kando ya shingo, si mbele ya uso. Weka kiganja nyuma ya masikio, mkono wa pili ushike kamba chini ya taya. Kaza kidogo kuelekea chini kisha ngoja, bila kuvuta. Kichwa kikishuka hata kwa upana wa kidole, achia mikono yote miwili, pumua, hesabu mpaka tano. Rudia. Ndani ya siku chache atashusha pua hadi usawa wa goti kwa mguso wa vidole viwili.

Hatua hii watu huiruka kwa sababu haina sifa. Usiiruke. Farasi mwenye shingo juu kama twiga hawezi kulainika taya, na wala hakusikii.

Hatua ya 3: Rudi nyuma, sogeza miguu

Mkabili, tikisa kamba taratibu, ongeza kidogo kidogo mpaka arudishe mguu mmoja. Mmoja tu. Acha papo hapo. Kesho utaomba miwili.

Kisha simama ubavuni, mwelekeze pua kwako kidogo, elekeza fimbo kwenye paja lake la nyuma. Unataka mguu wa nyuma ulio upande wako ukatize mbele ya mwenzake. Asipojali, mguse. Akikatiza hatua moja, shusha fimbo. Fanya pande zote mbili, na usishangae upande mmoja ukiwa mgumu kupita mwingine: amezunguka uwanja wa mbio upande ule ule maisha yake yote.

Onyo: usisimame pale teke linapofika. Kaa usawa wa bega, mkono wako ndio urefuke kwa fimbo.

Hatua ya 4: Shingo ikunje, taya ilegee

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo nitakapokaa.

Mvike lijamu. Simama upande wa kushoto, usawa wa bega. Shika hatamu ya kushoto karibu na pete, mkono mwingine juu ya tandiko ukiwa na hatamu ya kulia iliyolegea. Leta mkono wa kushoto taratibu kuelekea ubavuni mwake mpaka uhisi uzito, kisha mkono usimame hapo. Usivute zaidi, wala usilegeze. Mkono uwe kama nguzo ya ua: nguzo haivuti mbuzi, mbuzi ndiye anayevuta nguzo.

Atavuta, atazunguka, atatazama mbali. Akizunguka, zunguka naye, uzito ule ule mkononi. Nilikuwa na farasi mmoja wa kahawia, mrefu, amekimbia misimu minne. Siku ya kwanza alining'inia mkononi dakika kumi na mbili kwa saa yangu. Nikawa natazama sikio lake. Mwanzo lilielekea barabarani, kwa bodaboda zinazopita. Baadaye likageuka, likanitazama mimi. Mdomo wa chini ukaanza kutikisika kama wa mzee anayesali kimoyomoyo. Kisha pua ikaja kwangu, kiasi cha upana wa kisanduku cha kibiriti, na hatamu ikalegea yenyewe. Nikafungua vidole vyote. Akapiga muayo, akalamba midomo, akatafuna hewa. Nikamvua lijamu, nikamrudisha malishoni, somo likawa limekwisha kwa siku ile. Siku ya pili alichukua dakika mbili. Siku ya nne sikuwa na haja ya kungoja.

Kwa hiyo angalia vitu vitatu: sikio linalorudi kwako, taya inayotafuna, na ulegevu unaoanzia kwake. Hicho cha tatu ndicho unachokilipa. Akileta pua kwa kukurupuka na kuirudisha, hajalegea, ngoja.

Kosa nililolifanya mwenyewe: nilikuwa na haraka, farasi akirusha kichwa juu mkono wangu unamfuata na kulegea. Kwa wiki moja nilimfundisha, kwa ustadi kabisa, kwamba dawa ya kusumbuliwa mdomoni ni kurusha kichwa. Kulifuta somo hilo kulinichukua miezi miwili.

Hatua ya 5: Panda, kisha usifanye lolote

Farasi wa mbio amezoea joki arushwe juu na mtu, mara nyingi yeye mwenyewe akiwa anatembea. Kusimama kando ya ngazi huku mtu mzima anahangaika na kikuku ni jambo geni kwake. Na miguu mirefu inayoning'inia mbavuni ni geni zaidi, maana joki hukaa juu, magoti yamekunjwa.

Weka ngazi, mlete, msimamishe, lalia tandiko kwa tumbo, shuka. Rudia mpaka apumue. Ukipanda, kaa. Msugue shingoni. Akiondoka bila kuambiwa, kunja shingo kama hatua ya 4 mpaka asimame, achia. Siku ya kwanza shuka baada ya dakika tano, uende ukanywe chai.

Hatua ya 6: Breki ya hatamu moja

Fanya hatua ya 4 ukiwa juu. Mkono mmoja unateleza kwenye hatamu kuelekea chini, unaileta kwenye paja lako, unasimama hapo. Mguu wa upande huo huo unarudi nyuma kidogo ya mkanda wa tumbo na kumwomba asogeze miguu ya nyuma. Farasi anayekatiza miguu ya nyuma hana nguvu ya kukimbia. Akitulia na kulegea, achia vyote.

Onyo kubwa: hii ni breki ya matembezi na mwanzo wa telki, mwendo wa kati ya matembezi na shoti, ambayo zizini tunaiita troti. Farasi aliyekwishapiga shoti ukimkunja shingo ghafla anaweza kuanguka, na wewe chini yake. Akikuponyoka kwa kasi, mwingize kwenye duara kubwa, ulipunguze kidogo kidogo.

Hatua ya 7: Mguu unaosikika

Kwa kwenda mbele una ngazi tatu, kila mara kwa mpangilio huo:

1. Vuta pumzi, inua kifua, fungua vidole.
2. Kama hakwenda, funga mashavu ya miguu mbavuni, taratibu.
3. Kama bado, fimbo nyuma ya mguu wako: mguso mmoja, mwingine, mpaka aende.

Akienda, miguu inanyamaza. Inanyamaza kabisa. Mpanda farasi anayegonga visigino kila hatua ni sawa na redio ya jirani: mwanzo inakukera, baada ya wiki huisikii.

Wapo walio kinyume. Ukiwagusa kwa mguu wanaruka kama wamemwagiwa maji ya moto. Hao usiwakwepeshe mguu. Uuweke ubavuni wakiwa wamesimama, kisha kwenye matembezi, ukae tu bila kuomba kitu, hadi waone kwamba mguu ni sehemu ya hali ya hewa.

Hatua ya 8: Simama kwa kiuno

Tembea. Hesabu hatua nne za mbele. Toa pumzi, acha uzito ushuke kwenye makalio, zuia kiuno kisimfuate tena, halafu ndipo vidole vifunge kwenye hatamu. Akisimama, vidole vinafunguka. Baada ya kurudia mara thelathini au arobaini atasimama kwenye pumzi, kabla hujafikia vidole. Siku hiyo utanielewa.

Kisha rudi nyuma hatua moja, nenda mbele. Kisha matembezi, troti hatua kumi, matembezi. Kubadilisha mwendo ndiko kunakolainisha, si kuzunguka nusu saa kwa mwendo mmoja. Ukimaliza somo bila kubadilisha mwendo walau mara hamsini, ulikuwa matembezini, hukuwa kazini.

Hatua ya 9: Duara, halafu ubavu

Duara la mita 20 kwanza, pua ielekee ndani kiasi cha wewe kuona ukope wa jicho lake na si zaidi. Likiwa sawa pande zote mbili, punguza hadi mita 15, na mwisho kabisa 10. Hatamu ya ndani huomba, hulegea, huomba. Ya nje hubaki thabiti.

Baadaye mwombe asogee kando kwa mguu wako mmoja, hatua mbili tatu toka katikati ya uwanja kuelekea ukutani. Zoezi la kuleta bega ndani, ambalo wapanda farasi wanalihusisha na Mfaransa La Guérinière wa karne ya 18, linafuata hapo, ila usilikimbilie. Mwenye haraka nalo hukunja shingo tu, mwili ukabaki umenyooka kama ubao.

Ulaini wa bandia

Nalitenga hili kwa sababu linadanganya hata wazoefu. Mtu anavuta kulia, kushoto, kulia, kushoto, kama anakata ubao kwa msumeno. Farasi anaingiza kidevu kifuani, shingo inapinda vizuri, picha inapigwa. Huyo hakulainika; amejificha nyuma ya lijamu. Utamjua hivi: ukirefusha hatamu, pua haifuati chini na mbele, bali inabaki imebanwa au kichwa kinaruka juu. Aliyelainika kweli huifuata hatamu inaporefuka, akanyoosha shingo kama anayenusa majani, mwendo ukibaki ule ule. Mjaribu hivyo kila baada ya dakika kumi.

Kwa sababu hiyo hiyo sitaki kuona mikanda ya kufungia kichwa chini, wala lijamu kali la "kumtia adabu". Lijamu kali hununua wiki mbili za breki. Ya tatu unatafuta jingine kali zaidi.

Mambo yakienda kombo

*Anarusha kichwa.* Meno kwanza. Kisha mtu akutazame mikono: kwenye matembezi kichwa cha farasi huenda mbele na nyuma, na viwiko vyako vikigoma kumfuata, unampiga lijamu kila hatua.

*Analiegemea lijamu kama amechoka.* Usimbebe. Anayeegemea anahitaji wa kumwegemea. Legeza hatamu moja ghafla kwa nusu sekunde, umshike tena, umpeleke mbele kwa mguu, kisha matembezi, simama, rudi hatua moja. Uzito utahama kwenda nyuma.

*Upande mmoja laini, mwingine chuma.* Mara nyingi ule "laini" ndio wenye hila: anakunja shingo bila kubeba chochote. Anza na umalizie upande mgumu, lakini usiufanyie kazi mara tano zaidi ya mwenzake, misuli itauma na atakuchukia.

*Ulimi unapita juu ya lijamu.* Angalia kama lijamu linaning'inia chini mno, na kama unamshika mdomo bila kumwachia. Usimfunge mdomo.

*Nyumbani malaika, porini jini.* Ni kawaida. Toka naye akiwa na farasi mtulivu, kwa mguu kwanza, ukimwongoza kwa kamba. Katika Ngong Road Forest mimi husimama kila kona na kuomba kichwa chini, kama zizini. Wakianza wenzako kupiga shoti mbele yako, geuka urudi. Farasi huyu aliajiriwa kuwapita wengine.

*Aliyekuwa mwepesi amekuwa mzito ghafla.* Weka fimbo chini, chukua kipimajoto. Joto la farasi mzima akiwa ametulia ni kama nyuzi 37.5 hadi 38.5. Likizidi, au ufizi ukiwa mweupe au wa manjano, mwite daktari siku hiyo hiyo. Kupe wa kwetu huleta homa inayoua damu, na dalili yake ya kwanza mara nyingi ni farasi "mvivu".

*Miaka kumi na minne, si amechelewa?* Wanasema samaki mkunje angali mbichi. Huyo ni samaki. Nimelainisha farasi wa umri huo kwa wiki sita, ingawa mwenye naye ilimchukua zaidi.

*Anasimama kwa miguu ya nyuma au anakurusha kila mara.* Shuka. Hilo si la mwongozo wa kusoma. Mtafute mkufunzi aje amwone kwa macho, na mpaka aje, fanya hatua ya 2 na ya 3 tu, ukiwa ardhini, kofia kichwani.